Kushuka Kasanga kwa Kidole Kimoja

Tangu nirudi, kila anayepita kibandani kwangu hapa sokoni Sumbawanga ananiuliza mambo mawili: goti limekuwaje, na breki zimekuwaje. Goti mnaliona wenyewe. Kuhusu breki, nilikwisha kutoa majibu manne tofauti kwa watu wanne tofauti, na juzi hao wanne wamekutana kwenye chai. Kwa hiyo naandika yote mara moja, tumalizane.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni fundi baiskeli. Zaidi ya miaka ishirini nimetengeneza zile nyeusi, ndefu, ambazo breki zake ni vyuma viwili vinavyovuta raba hadi kwenye ringi. Enzi zile kupata moja kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji kujuana. Siku hizi biashara ni ruksa kwa kila mtu, na baiskeli zinafika kwa lori kutoka Tunduma, zimebanwa katikati ya magodoro na makoti ya watu wa nchi za baridi. Ndivyo zilivyonifikia mbili za gia, nyekundu na bluu, ambazo breki zake hazigusi ringi kabisa. Katikati ya gurudumu kuna kisahani cha chuma, tunakiita diski, na vipande viwili vya pedi vinakibana kama vidole. Nyekundu inavutwa na waya. Bluu inasukumwa na mafuta yaliyomo ndani ya mpira mwembamba. Miezi miwili baada ya kuziona kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa nimepaka kibao kipya: MTAALAMU WA BREKI ZA DISKI.

Shemeji yangu Pankrasi, mdogo wake mke wangu, hupeleka unga na maharage Kasanga ziwani na kurudi na dagaa na migebuka. Mwaka jana kwenye mteremko wa Kasanga vyuma vya breki vilimkatikia akiwa na gunia zima nyuma, akavunjika mguu. Amepona, anachechemea kidogo, na anataka kurudi barabarani kwa sababu hana kazi nyingine anayoipenda. Nikamwambia suluhisho ni diski. Mke wangu Gaudensia akasikia, akaweka kijiko chini.

"Baba Leo, utashuka nazo wewe kwanza. Na gunia. Ukifika chini mzima, ndugu yangu azipande. Usipofika, abaki kwa mama alime maharage, na mimi nitajua nimeolewa na nani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya safari yetu. Niseme wazi kwamba haikuwa matembezi.

Sumbawanga hadi Mwazye

Tulikubaliana mimi nipande bluu, Pankrasi nyekundu, na kila penye kiteremko tupime. Yeye alivaa katambuga zake za siku zote, zile za tairi la gari. Mimi nilivaa viatu vya ngozi vya mtumba, vyenye soli laini inayong'aa, kwa sababu mtaalamu hasafiri na katambuga.

Kwenye kiteremko cha kwanza nje ya mji nilipunga mkono kama trafiki, tukashika breki pamoja. Ya waya inabishana nawe: unavuta, inasikia, inafikiri, halafu inashika. Lazima uivute kwa vidole vyote vinne, na ukifika chini kiganja kinauma. Ya mafuta haifikirii. Unaigusa kwa kidole kimoja na gurudumu linakutii, ila ukiigusa kwa hasira linakutii kuliko ulivyotaka, na wewe unaendelea na safari bila baiskeli. Hilo la mwisho nilimwonyesha Pankrasi kwa vitendo, mbele ya akina mama waliokuwa wanatoka kisimani.

"Kidole kimoja tu, shemeji," nilimwambia nikijikung'uta vumbi. "Umeona?"

"Nimeona," alisema. Pankrasi ni mtu wa maneno machache, na machache hayo huwa yananitosha.

Mwazye ni kwa mama mkwe. Nilikuwa nimepanga tulale siku moja, lakini mkwe hapangi mambo kwa mkwewe. Tulikula ugali wa ulezi na kuku, kesho yake ugali wa ulezi na maharage kwa kuwa kuku alikwisha, na kesho kutwa akachinjwa mwingine kwa kuwa mkwe hawezi kuondoka baada ya maharage. Kila nilipotaja kuondoka, alinitazama kwa upole ule ambao mtu hawezi kuupinga.

"Shikamoo mama, naona kumekucha, sisi tuanze..."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza, maji ya uji yamechemka."

Siku ya tatu alitupimia unga mwenyewe, magunia mawili yenye madebe sawasawa, maana nilimweleza kwamba majaribio hayataki upande mmoja uzidi. Alisikiliza kwa makini, akakubali, kisha akaleta kuku jike hai aliyefungwa miguu akamfunga juu ya gunia langu. Alikuwa zawadi kwa rafiki yake wa siku nyingi, Mama Zuhura wa Kasanga. Nilitaka kumweleza tena habari ya usawa, nikaona nitakuwa namfundisha mama mkwe kazi.

Mwazye hadi Matai

Njia hii ni tambarare yenye mabonde madogo, na ndipo nilipojaza daftari langu. Niliandika kila bonde: nyekundu imeshika wapi, bluu imeshika wapi, kuku amesema nini. Bluu ilishinda kila mara. Pankrasi alianza kuniuliza maswali mwenyewe: mafuta yakiisha yanaongezwa vipi, pedi ikilika inaonekana wapi. Nilimjibu yale niliyoyajua, na yale nisiyoyajua niliyajibu kwa sauti kubwa zaidi.

Matai palituchelewesha kwa sababu ya daftari. Tulisimama karibu na ofisi za halmashauri, nikawa nazunguka baiskeli huku naandika. Bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni akatoka mlangoni.

"Habari za kazi, mabwana. Ninyi ni mradi gani?"

"Si mradi, mkubwa. Tunapima breki."

"Mradi wa breki," alirudia, akaingia ndani na kutoka na kitabu cha wageni. "Na walengwa ni akina nani?"

Nilimwelekeza Pankrasi kwa kidole. Yule bwana akaandika. Nchi yetu siku hizi mtu mwenye baiskeli mpya na daftari hawezi kuwa mtu tu. Kabla chai haijapoa walikuwa wamekusanyika watu kama thelathini, wengi wao akina mama, wakitaka majina yao yaandikwe. Niliwaambia sina kitu. Mama mmoja akaniambia hata wale wa vyandarua walianza hivyohivyo, wakisema hawana kitu. Mwishowe niliandika majina yote, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuondoka, na yule bwana akatuaga kwa kutushika mikono yote miwili akituomba tusiisahau kata yake.

Matai hadi kwa Mzee Ngasa

Mvua ilitukuta mbele ya Matai, ile ya mawe madogo inayouma masikio. Diski zikilowa zinalia. Mlio wake unatoka mbali na unaingia kwenye meno, na ng'ombe waliokuwa kando ya njia wakakimbia. Mwenye ng'ombe akaja nyuma yao kwa hatua ndefu, mzee mrefu mwenye koti la mvua, tukajua tumeharibu.

"Mwadila!" alitusalimia Kisukuma, halafu akaona unga unalowa. "Ingieni, ingieni. Ng'ombe watarudi, unga haurudi."

Huyo ndiye Mzee Ngasa. Alihamia huku na mifugo yake kutoka upande wa Shinyanga, miaka mingi sasa. Alitukarimu kwa maziwa mgando na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, tukala mpaka mimi nikalegeza mkanda. Lakini jambo la kuona hapo kwake lilikuwa baiskeli yake. Ilikuwa nyeusi ya kizamani, ina vioo sita, maua ya plastiki kwenye usukani, vishada vya rangi kwenye magurudumu, na kila chuma kiling'aa. Nikamuuliza anatumia nini.

"Samli," alisema. "Kwangu baiskeli haikai kavu. Na ya mgeni ndiyo kabisa. Mgeni akiondoka na baiskeli kavu, watu watasema alilala porini."

Pankrasi alikuwa nje anahamisha magunia chini ya paa. Tulikuwa wawili tu, mimi na mzee. Akaniuliza lile swali, na naliandika hapa kama lilivyokuwa.

"Hicho kisahani cha katikati kinacholia. Nacho kinataka samli?"

Jamani, kwa miaka yote nimewafukuza watu kibandani kwa kupaka mafuta ringi. Najua breki na mafuta haviivi chungu kimoja. Lakini diski inakaa katikati ya gurudumu, jirani na habu, kile kitovu chake, na habu maisha yake yote inakula grisi. Machoni pangu ikawa ndugu wa habu. Tena nilikuwa nimeshiba, na mzee ananiita fundi, na kibao changu kiko Sumbawanga kinaning'inia. Nikajibu bila hata kupumua.

"Mzee wangu, chuma gani duniani kinachokataa mafuta?"

Asubuhi nilimkuta Mzee Ngasa amechuchumaa, anamalizia bluu kwa kitambaa. Nyekundu ilikuwa tayari. Diski zote nne ziling'aa hata unaweza kunyolea ndevu. Nikalizungusha gurudumu, nikashika breki kidogo, mlio haupo. Nikamwita Pankrasi aje asikie kimya kile.

"Unaona? Kilikuwa kiu tu," nilimwambia.

Mteremko

Mpaka kwenye ukingo wa uwanda hakuna kiteremko cha maana, kwa hiyo hatukushika breki kwa nguvu. Nilihisi mkono wa breki ni laini zaidi ya jana. Nilimweleza Pankrasi kwamba pedi zinajizoesha.

Halafu ziwa likaonekana chini kule, bluu na kubwa, na barabara ikaanza kujikunja kwenda kwake. Pankrasi alisimama kidogo. Alinionyesha kona ya pili kwa mdomo tu, bila mkono. Ndipo alipovunjikia mguu.

"Twende polepole," alisema.

"Kidole kimoja," nilisema mimi, nikatangulia.

Kona ya kwanza nilitumia kidole kimoja, na hakuna kilichotokea. Nikatumia viwili. Nikatumia vyote, mikono yote, hata meno niliyauma. Baiskeli ilizidi kukimbia kama haijaambiwa kitu, na nyuma gunia likanisukuma na kuku akaanza kupiga kelele. Nikateremsha mguu kuburuza, na soli yangu ya mtaalamu ikateleza juu ya changarawe kama sabuni. Nikaiacha barabara, nikaingia shamba la muhogo, nikapita mistari kadhaa ya watu wasionijua, na goti langu likapata kisiki.

Nilipoinua kichwa, Pankrasi alinipita. Alikuwa ameshaacha kuvuta breki. Alikuwa ametoa mguu, ule ule uliovunjika, ameukandamiza nyuma kati ya fremu na tairi, katambuga juu ya tairi, na moshi unatoka. Anaelekea kona ile ya pili. Mimi nimelala kwenye muhogo siwezi hata kuita. Sikuogopa kwa ajili yangu, naapa. Niliona namna nitakavyoingia nyumbani kwa Gaudensia nikiwa na habari ya msiba ya kumwambia.

Pankrasi alisimama. Gurudumu la mbele lilikuwa kwenye nyasi za ukingo. Nilimfikia nikichechemea, nikamkuta amekaa chini, katambuga imelika hadi nyuzi zinaonekana. Kulikuwa na harufu nzuri sana, ya wali wa sikukuu. Ndipo nikaelewa kila kitu.

"Shemeji," alisema Pankrasi, "ningekufa. Na hii harufu ni ya nini?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema hivi: "Diski zikipata moto ndivyo zinavyonuka."

Kasanga

Tulishuka kwa miguu mpaka chini, tukizizuia baiskeli kama tunateremsha mbuzi wakaidi. Mama Zuhura, mkaushaji samaki, alipokea unga, akapokea salamu za mama mkwe, akampokea kuku. Aliposikia habari ya muhogo akakataa kumchinja. "Huyu ameshaona mengi," alisema, akamfungua miguu, na kuku akaenda zake kati ya vichanja vya dagaa kama mwenyeji.

Kesho yake Pankrasi alikwenda kutafuta migebuka ya kurudi nayo. Mimi nikabaki na baiskeli. Nilifungua pedi zote, nikaosha diski kwa sabuni na majivu, nikazisugua pedi kwa msasa, lakini zilikuwa zimelewa samli hadi ndani. Mama Zuhura akaja akasimama juu yangu, akanusa.

"Samli," alisema.

"Ni vumbi la breki, mama."

"Mwanangu, mimi nimepika miaka yote hii nisijue samli? Lete hivyo vidude huku."

Akaziweka pedi juu ya kipande cha bati, akazichoma kwenye moto wa kubanika samaki mpaka zikaacha kutoa moshi. Nikazisugua tena, nikazirudisha, nikajaza gunia mchanga. Nilipanda kilima cha nyuma ya nyumba yake na kushuka mara tatu kwa kila baiskeli, na goti hili hili. Nyekundu ilinisimamisha penye jiwe lake la kufulia. Bluu ilinisimamisha juu zaidi, kidole kimoja, taratibu, bila ubishi. Sijawahi kupanda kitu kinachosimama vile.

"Zinashika," alisema Mama Zuhura, "ingawa zinanuka mgebuka. Utamwambia shemeji yako?"

"Nitamwambia," nilisema.

Kurudi

Kwa sababu ya goti tulirudi kwa lori, tumekaa juu ya magunia ya dagaa, baiskeli zimefungwa kando. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumwambia. Nilimwambia habari za mawingu.

Matai lori lilisimama, na yule bwana wa kalamu mbili akanitambua, akaita watu wake walioandikwa.

"Mradi uliishaje?"

Wote wananitazama, na bandeji yangu inaonekana. Nikasema, "Breki hizi, mkubwa, hazifai kwa nchi yetu. Huko zilikotoka hakuna milima." Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna neno linalopokelewa vizuri siku hizi kama kuambiwa tumeletewa kitu kibovu. Pankrasi, juu ya dagaa, alisikia kila neno.

Nyumbani Gaudensia alilitazama goti, akamtazama ndugu yake mzima mzima, akashukuru Mungu, hakuniuliza kitu. Mimi nikaanza kutoa yale majibu manne: mmoja nilimwambia ni mvua, mwingine kuku, mwingine watengenezaji, wa nne nilimwambia ni shetani wa ile kona. Kibao changu hakikuguswa.

Siku ya nne, Jumamosi, Pankrasi akaja kibandani anasukuma baiskeli yake nyeusi ya zamani, ile ile iliyomvunja mguu. Vyuma alikuwa ameviunga kwa moto.

"Niwekee raba mpya, shemeji. Narudi Kasanga Jumatatu. Kwa mama siwezi kukaa, nitaoza."

Nilichukua raba. Ni kazi ninayoweza kuifanya nikiwa nimefumba macho. Lakini nilipoinama nikaona ile sehemu ya kuunga, uvimbe mdogo wa chuma usiozidi punje ya harage, na ndiyo itakayombeba yeye na gunia kwenye kona ile. Mikono ikakataa. Nikamwita Gaudensia, aliyekuwa anauza vitumbua upande wa pili wa njia, nikawaambia wote wawili wakiwa wamesimama. Niliwaambia swali la Mzee Ngasa na jibu langu. Niliwaambia harufu ilikuwa ya nini. Niliwaambia kilima cha Mama Zuhura.

Pankrasi aliilaza baiskeli yake chini hata nikadhani atanipiga, na ningekubali.

"Samli," alisema mwishowe.

"Samli."

"Na mimi nikaamini kwamba chuma kilikuwa na kiu." Akaanza kucheka, kicheko kibaya mwanzoni, halafu kikawa cha kawaida. Kisha akaja akalishika gurudumu la ile bluu iliyokuwa pale kibandani, akalizungusha, akaligusa kwa breki. Lilisimama.

Gaudensia hakucheka. Alinitazama, akasema, "Ningemzika ndugu yangu kwa ajili ya kibao." Akarudi kwenye vitumbua vyake. Tangu hapo akawa ananipa chakula bila kuniita jina, na nilistahili.

Jumatatu Pankrasi aliondoka na bluu. Mimi nilichukua rangi nyeupe nikafuta kibao, na mpaka sasa hakina neno, ndiyo maana wengine mlipita mkidhani nimefunga. Nilikaa nikitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Gaudensia naye alijifanya anahesabu vitumbua, lakini kila lori la kutoka Matai likipita alisimama.

Ijumaa mchana akaonekana mwisho wa barabara, ana gunia refu nyuma lenye harufu ya ziwa, anakuja kwa kasi ya kipumbavu kuelekea kibandani kwangu. Gaudensia alitoka na kijiko mkononi. Pankrasi alifika mpaka mbele ya benchi, akainua mkono wa kushoto juu hewani, vidole vyote vimekunjwa isipokuwa kimoja, na kwa wa kulia akaugusa mkono wa breki kwa kidole kimoja tu. Bluu ikasimama shwari, tairi karibu na kiatu changu.

"Baba Leo," alisema Gaudensia, na ndiyo mara ya kwanza tangu Jumamosi, "mkaribishe shemeji yako chai."